Fizi na Baraka: Masharti ya ratiba ya masomo yaandikwe wazi, programu ya bure ifanye hesabu

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mwezi wa Septemba, kuna karatasi moja yenye kuleta maneno mengi katika shule za sekondari za Baraka na Fizi, mkoani Kivu ya Kusini. Ni ratiba ya juma, ile walimu wanaita orere. Prefe wa masomo anaiandika kwa krayo, anafuta, anaandika tena. Mwalimu mmoja anakuta amewekewa saa ya kwanza na saa ya mwisho, katikati anakaa bure. Mwingine anaona jina lake kwenye siku ambayo anafundisha shule nyingine. Kisha maneno ya kila mwaka yanaanza: prefe amependelea watu wake, wenye kulipwa na serikali wamepewa siku nzuri, wasiolipwa wametupiwa mabaki.

Maneno hayo hayaishi kwa kuomba walimu wavumilie. Yatapungua siku ambayo masharti yote ya ratiba yataandikwa na kubandikwa ukutani, mbele ya walimu na wazazi, na kazi ya kuyapatanisha itapewa programu ya ordinatere. Programu hiyo iko tayari. Ni ya bure, inaingia kwenye kle ya USB, na ikishawekwa ndani ya mashine haiombi enternete tena. Kinachokosekana Fizi na Baraka ni uamuzi wa kuijaribu.

Kazi ngumu kuliko inavyoonekana

Ugumu wa ratiba hautoki kwa prefe kukosa akili. Walimu wengi katika nchi hii wanafanya kazi bila mshahara wa serikali. Wanaitwa “NU”, na wanaishi kwa mchango wa wazazi. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, lakini kwenye humanite wazazi wangali wanabeba mzigo. Mwalimu asiyelipwa anatafuta saa katika shule mbili ao tatu ili nyumbani kupikwe. Shule moja inaweza kuwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na nyingine Fizi-Centre, juu milimani. Njia inapanda, na mvua ikinyesha pikipiki inachelewa. Mtu huyo hawezi kuwa chini saa mbili na juu saa tatu.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme shule ina madarasa 12, walimu 20, na juma la siku 6 zenye saa 6 kila moja, ni kusema saa 36. Kwa kila mwalimu, kila darasa na kila saa kuna swali moja: yuko hapo ao hayuko? 12 mara 20 mara 36 ni maswali 8,640. Maswali 10 ya namna hiyo yana njia 1,024 za kujibiwa. Maswali 20 yanapita njia milioni moja. Maswali 30 yanapita miliari moja. Kwa maswali 8,640, hakuna mtu wala ordinatere duniani yenye kuweza kupitia njia zote moja kwa moja.

Prefe anafanya nini basi? Anachukua ratiba ya mwaka jana, anabadili hapa na pale, na panapokwama anaomba mtu mmoja aumie. Mara nyingi mwenye kuumia ni yule ambaye sauti yake ni ndogo: mwalimu mpya, mwalimu wa NU, mama mwenye mtoto mchanga. Hapo ndipo ratiba inaacha kuwa jambo la karatasi na inakuwa jambo la haki.

Ndiyo ao hapana

Wataalamu wa hesabu wanajua tatizo hili zamani. Linabeba jina la George Boole, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba “ndiyo”, “hapana”, “na”, “ao” vinaweza kuhesabiwa kama namba. Swali lenyewe ni hili: tukiwa na masharti mengi, je, kuna namna moja ya kujibu ndiyo ao hapana kila mahali ili masharti yote yatimizwe kwa pamoja?

Mwaka 1971, Stephen Cook, mwalimu wa chuo kikuu cha Toronto huko Kanada, alionyesha kwamba swali hilo ni mama wa maswali mengi magumu ya kupanga. Mwenye kupata njia ya haraka ya kulijibu kila mara, atakuwa amejibu pia mengine mengi. Mpaka leo hakuna mtu aliyeleta njia hiyo, wala aliyethibitisha kwamba haiko. Tangu mwaka 2000, taasisi ya Clay ya Marekani imeahidi dola milioni moja kwa atakayemaliza mjadala huo.

Lakini kushindwa kila mara ni jambo moja, kushindwa mara nyingi ni lingine. Tangu miaka ya 1960, watafiti kama Martin Davis na Hilary Putnam walianza kuandika njia za kufanya ordinatere itafute jibu bila kupitia kila kitu. Mwaka 1996, João Marques-Silva na Karem Sakallah walileta hatua kubwa: programu ikikwama, inatafuta sababu ya kukwama, inaandika sababu hiyo kama sharti jipya, na haianguki tena katika shimo lile lile. Kwa njia hiyo, kosa moja linafunga mamilioni ya njia mbaya kwa mara moja.

Mwaka 2003, Niklas Eén na Niklas Sörensson wa Uswidi walitoa programu ndogo yenye kufuata njia hiyo, MiniSat. Maandishi yake yako wazi: kila mtu anaweza kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa bila kulipa. Leo kuna zenye nguvu zaidi, kama CaDiCaL na Kissat za Armin Biere, mwalimu wa chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Kissat ilishinda mashindano ya dunia ya programu hizi mwaka 2020. Nazo ni za bure.

Hazina madirisha ya kubonyeza wala picha za rangi. Mtu anafungua uwanja mweusi wa kuandikia, anaandika amri moja kwenye klavie, kwa mfano “minisat ratiba.cnf jibu.txt”, na anangoja.

Mfano wa mwalimu mmoja

Ili msomaji aone kwamba hakuna uchawi, tuchukue mwalimu mmoja wa hesabu, shule mbili na siku mbili. Namba 1 iwe “anafundisha Baraka Jumatatu”. Namba 2, “anafundisha Baraka Jumanne”. Namba 3, “anafundisha Fizi Jumatatu”. Namba 4, “anafundisha Fizi Jumanne”. Alama ya kutoa mbele ya namba inamaanisha hapana. Sifuri inafunga mstari.

Baraka inamtaka siku moja kati ya mbili: tunaandika “1 2 0”. Fizi pia: “3 4 0”. Hawezi kuwa mahali pawili Jumatatu: “-1 -3 0”. Wala Jumanne: “-2 -4 0”. Mistari minne tu. Programu inajibu kwamba inawezekana, na inatoa mpango: labda Baraka Jumatatu, Fizi Jumanne.

Sasa shule ya Fizi inasema Jumatatu haiwezekani kwake. Tunaongeza “-3 0”. Programu inafikiri: kama si Jumatatu, basi Fizi ni Jumanne, kama Fizi ni Jumanne, Baraka haiwezi kuwa Jumanne, basi Baraka ni Jumatatu. Bado inawezekana. Kisha shule ya Baraka nayo inakataa Jumatatu: “-1 0”. Hapo programu inatoa neno moja la Kiingereza lenye maana kwamba haiwezekani. Masharti sita hayo hayawezi kukaa pamoja hata mtu akifuta na kuandika mpaka asubuhi.

Jibu hilo la pili ndilo lenye thamani kubwa kwa Fizi na Baraka. Prefe anayefanya kazi kwa krayo hawezi kamwe kusema “haiwezekani” na watu wakamwamini. Watasema hakujaribu vya kutosha, ao hakutaka. Programu inaweza kusema, na inaweza kuleta ushahidi. Kissat na CaDiCaL zinaandika hatua zote za hoja yao ndani ya faili, na programu nyingine, drat-trim, inakagua hatua hizo moja moja bila kuamini ile ya kwanza. Inaweza pia kutenga masharti yale tu yaliyotumika katika ushahidi. Kwa hiyo badala ya kuzozana juu ya masharti mia, walimu wanaonyeshwa machache yenye kupigana, na wanaulizwa: lipi kati ya haya tunaweza kuacha?

Na kama hakuna la kuacha, basi shule imekosa mwalimu ao imekosa darasa. Hiyo ni barua ya kupelekea su-divizio ya elimu, yenye hesabu ndani yake. Ni tofauti na malalamiko ya mdomo ambayo kila mkubwa anaweza kuyafunika.

Wakubwa wa dunia wanaitumia

Mtu asifikiri kwamba hiki ni kitu cha kuchezea cha wanafunzi. Mwaka 2016 na 2017, FCC, ofisi ya Marekani yenye kusimamia mawimbi, iliendesha mnada wa kutoa sehemu ya mawimbi ya televisheni ili yatumiwe na makampuni ya telefone. Kabla ya kushusha bei kwa kila stesheni, ilipashwa kwanza kujua kama stesheni hiyo ingali inaweza kupata kanali hewani bila kuingiliana na nyingine. Swali hilo liliulizwa tena na tena, na lilijibiwa na programu ya aina hii, iliyotayarishwa na watafiti wa chuo kikuu cha British Columbia pamoja na wenzao. Mnada huo uliingiza karibu dola miliari 19.8.

Swali la stesheni na kanali lina umbo moja na swali la walimu na saa: nani akae wapi bila kugongana na mwingine. Tofauti ni kwamba Fizi haihitaji mashine kubwa. Kwa shule ya madarasa 12, ordinatere ya mkononi ya zamani, yenye kuchajiwa na jua, inatosha. Kazi yenyewe mara nyingi inachukua sekunde ao dakika, na betri haina haja ya kudumu siku nzima.

Mipaka yake

Wenye kusifu mashine bila kusema udhaifu wake wanadanganya. Udhaifu wa kwanza ni huu: kuna maswali yenye kuonekana ya kitoto ambayo programu hizi zinashindwa. Ukiweka watu 20 kwenye viti 19, mtoto anajua kwamba mmoja atasimama. Programu ya aina hii inaweza kuzunguka muda mrefu sana, kwa sababu haihesabu watu na viti. Inajaribu kupatanisha masharti tu. Mtafiti Armin Haken alithibitisha mwaka 1985 kwamba njia ya hoja ambayo programu hizi zinategemea inahitaji hatua nyingi kupita kiasi kwa swali hilo.

Funzo lake kwa prefe ni rahisi. Kabla ya kuwasha mashine, ahesabu kwa mkono. Kama darasa moja limepewa masomo ya saa 37 na juma lina saa 36, asiulize ordinatere. Jibu liko kwenye vidole.

Udhaifu wa pili: mtu hawezi kuandika mistari yote mwenyewe. Sharti moja, “mwalimu asiwe katika madarasa mawili saa moja”, kwa shule ya mfano wetu linazaa mistari 47,520. Inahitajika programu nyingine ndogo ya kugeuza jedwali la shule kuwa namba. Hiyo ni kazi ya kijana mmoja aliyesoma enformatike, kwa siku chache, mara moja tu. Mwaka unaofuata anabadili jedwali, mengine yanabaki. Vijana wa Fizi wanaosoma enformatike Uvira na Bukavu wanatafuta kila mwaka jambo la kuandikia kazi ya mwisho wa masomo. Jambo ni hili.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa. Programu haijui haki. Prefe akiandika kwa siri sharti kwamba rafiki yake asifundishe Jumamosi, mashine italitimiza kwa utii ule ule. Tena itampa prefe ngao mpya: “si mimi, ni ordinatere.” Ngao hiyo ni ya hatari katika wilaya ambayo vita vimetenganisha watu, na ambapo ugomvi wa saa ya masomo unaweza kugeuzwa haraka kuwa ugomvi wa kabila.

Kwa hiyo programu bila masharti ya wazi ni bora isiletwe. Ratiba ikibandikwa, karatasi ya masharti ibandikwe kando yake, kwa Kiswahili ambacho kila mzazi anasoma: mwalimu huyu haji Jumatano kwa sababu siku hiyo anafundisha shule nyingine, mwalimu yule hana saa ya kwanza kwa sababu anatoka mbali, maabara ni moja, basi madarasa mawili hayaingii pamoja. Sharti lisiloweza kuandikwa mbele ya watu lisiingie ndani ya faili.

Majibu kwa wenye kukataa

Wako watakaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa programu. Lakini vita ndivyo vinavyobomoa ratiba. Mapigano yakianza milimani, familia zinashuka, wanafunzi wanaongezeka, mwalimu mmoja anakimbia na hajulikani atarudi lini. Wilaya ya Fizi imepokea pia wakimbizi kutoka Burundi, katika kambi ya Lusenda tangu 2015. Kila badiliko la namna hiyo linamaanisha kuanza ratiba upya. Kwa krayo ni majuma. Kwa faili, ni kuongeza darasa, kuondoa jina, na kutoa amri ile ile tena.

Wako watakaosema kwamba inamnyang’anya prefe kazi yake. Kazi ya prefe ni kusikiliza walimu, kutembelea madarasa, kuangalia kama masomo yanaendelea. Kufuta na kuandika haikuwa kamwe heshima yake. Na neno la mwisho linabaki lake: programu ikileta mpango ambao yeye anaona una kasoro, anaongeza sharti na kuomba mwingine.

Wako pia watakaosema kwamba kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba vitabu vya maelezo ni vya Kiingereza. Lakini faili yenyewe ni namba, alama ya kutoa na sifuri. Programu inajibu kwa maneno mawili tu ya kujifunza: inawezekana, haiwezekani. Mengine ni namba zile zile. Ni lugha rahisi kuliko karatasi nyingi za utawala ambazo shule zinajaza kwa Kifaransa kila mwezi.

Kianzie wapi?

Hakuna haja ya mradi mkubwa wala gari lenye bendera. Shule mbili za Baraka na moja ya Fizi-Centre zenye kushirikiana walimu zinatosha kwa mwanzo. Mwezi wa Agosti, kabla ya kufungua, maprefe watatu wakae pamoja na wajumbe wa walimu na komite za wazazi. Wamalize kwanza karatasi ya masharti, kwa sababu huko ndiko kwenye mabishano ya kweli, na ni vizuri yaishe kabla majina hayajabandikwa. Waandike wazi pia masharti ya wale wasiolipwa, kwa uzito ule ule wa wengine: mwalimu wa NU mwenye shule mbili asipangiwe safari mbili siku moja.

Kisha kijana wa enformatike aingize, mashine ijibu. Ikisema inawezekana, ratiba itoke siku ya kwanza ya masomo, mahali pa kungojewa mpaka Oktoba. Ikisema haiwezekani, orodha ya masharti yenye kupigana ipelekwe su-divizio na kwa wasimamizi wa makanisa, kwa maana shule nyingi ziko mikononi mwao, na waulizwe mbele ya wazazi: mtaongeza mwalimu, ao mtasema ni sharti gani liachwe na kwa nini?

Njia hiyo hiyo inaweza kwenda mbele ya shule. Hospitali ina wauguzi wachache na zamu za usiku zenye kugombaniwa. Wenye kutunza mabomba ya maji wana mitaa mingi na saa chache. Kila mahali ambapo kitu kidogo kinagawanywa kati ya watu wengi, mwenye kugawa anashukiwa. Wakati mwingine anashukiwa kwa haki, wakati mwingine anaonewa, na hakuna mtu anayeweza kutofautisha kwa sababu masharti yanakaa kichwani mwake.

Kuyatoa kichwani na kuyaweka karatasini hakugharimu hata franga moja. Programu ya bure inakuja nyuma ya hatua hiyo, kufanya hesabu ambayo mkono wa mtu hauwezi. Wenye kusimamia shule za Fizi na Baraka wana miezi ya kutosha kabla ya Septemba ijayo. Walimu na wazazi nao wana haki ya kuwauliza, kuanzia leo: masharti ya ratiba yetu yameandikwa wapi?